Kioo cha dhahabu cha "mtindo wa Baroko" ni kioo gani?

Muuza vitu vya kale akikuandikia "kioo cha Kiitalia, mtindo wa Baroko", neno la kuchunga ni hilo "mtindo". Baroko yenyewe, mtindo wa sanaa wa mapambo mengi, ilianzia Roma karibu na mwaka 1600 na kufifia katikati ya karne ya 18. Vioo vingi vinavyouzwa kwa jina hilo ni vya karne ya 19, mafundi walipoiga kazi za waliowatangulia. Ni vya kale kweli, ila si vya Baroko.

Mambo yote yako kwenye fremu. Vioo vya Murano, kisiwa cha Venice, vilianza kwa kupulizwa kwa mdomo, kwa hiyo havikuwa vikubwa. Ukubwa ukatafutwa kwenye mbao: majani yanayojikunja ya mmea uitwao akantho, makombe ya baharini, matunda, vitoto vinono vyenye mabawa, na juu kabisa taji la nakshi. Kwa kawaida kushoto hulingana na kulia. Nakshi ikielemea upande mmoja, hiyo ni Rokoko, mtindo uliofuata Baroko, ingawa wauzaji huzichanganya bila haya.

Dhahabu nayo ni ngozi tu. Mbao hupakwa tabaka kadhaa za jasi iliyokorogwa na gundi ya ngozi ya wanyama, kisha udongo laini mwekundu uitwao bolo. Udongo ukilowanishwa, hulazwa juu yake dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba hata pumzi huipeperusha. Baadaye sehemu zilizoinuka husuguliwa kwa jiwe la akiki zing'ae, mabondeni huachwa bila kung'arishwa. Asiyemudu dhahabu alilaza fedha na kuipaka vanishi ya manjano. Waitalia huiita "mecca", na kwa macho yangu inapendeza vilevile.

Wekundu ukichungulia kwenye ncha zilizochakaa, ni dalili nzuri, japo wapo wanaosugua dhahabu makusudi ili utokeze. Majani yanayofanana kama mapacha huenda yametolewa kwenye kalibu, hayakuchongwa. Kioo cha zamani kilipakwa bati na zebaki nyuma, hivyo huwa na ukijivu na vidoadoa. Upakaji wa fedha ulikuja baada ya ugunduzi wa mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Lakini kioo huvunjika kikabadilishwa, fremu ikabaki. Mimi huanza kwa kuigeuza: mgongoni hakuna dhahabu, na alama za patasi huonekana wazi.