Msimpe mgonjwa wa kiharusi cha damu mkono wa buriani

Wiki iliyopita ilikuwa mara ya tatu mwezi huu. Kijana kamleta babake kutoka upande wa Ahero, karibu na Kisumu, wamemlaza kiti cha nyuma cha Probox, mkono wa kushoto umelegea, mdomo umeenda upande. Kijana ameshika bahasha ya picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya ubongo. Nilipotaka kuipokea akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha lia njiani: "Daktari, wametuambia ni ile ya damu. Kama hakuna kitu mnaweza kufanya, tuambie mapema tumrudishe nyumbani."

Huko walikotoka, mzee alikaa kwenye machela saa nne. Presha ilipimwa mara moja tu, alipofika: 214 kwa 120. Ikaandikwa kwenye faili, basi. Picha ilipoonyesha damu, watu wakatulia kana kwamba kazi imeisha.

Siilaumu familia. Kinachoniuma ni neno hilo kutoka kwa wenzangu wa kazi: "Ni ya damu, hakuna kitu." Nalijua linakotoka. Kiharusi cha mshipa kuziba kina sindano ya kuyeyusha donge, ndani ya saa nne na nusu, na kila mtu aliisoma chuoni. Cha damu hakina sindano ya namna hiyo. Kwa hiyo watu wanaruka moja kwa moja hadi kwamba hakina tiba.

Lakini mshipa uliopasuka haumwagi damu yote kwa mara moja ukanyamaza. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, damu iliyovuja ndani ya ubongo inaendelea kuongezeka katika saa za kwanza. Huyo ndiye mgonjwa anayeingia akiongea, anawajua wanawe kwa majina, halafu usiku wa manane haamki. Zile saa nne za machelani ndizo zilizokuwa saa za tiba.

Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa INTERACT3. Wagonjwa zaidi ya 7,000, hospitali 121, nchi kumi, tisa kati yake zikiwa za kipato cha chini na cha kati. Kutoka Afrika ilikuwemo Nigeria. Sehemu ya pesa ilitolewa na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza ambalo sisi Wakenya tunalijua kwa kazi yake na KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, kule Kilifi. Naomba mwangalie walichokijaribu. Hakikuwa dawa mpya. Namba ya juu ya presha ishushwe chini ya 140 ndani ya saa moja, sukari idhibitiwe, homa iondolewe, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, arudishiwe uwezo wa damu kuganda. Yote kwa pamoja, haraka, kwa kila mgonjwa. Baada ya miezi sita waliotibiwa hivyo walikufa wachache zaidi, na walionusurika wakawa na ulemavu pungufu. Madhara makubwa yaliwapata asilimia 16, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida yalikuwa asilimia 20.

Labetaloli ya presha, insulini, paracetamol, vitamini K. Hakuna kampuni itakayotajirika kwa kuthibitisha kwamba dawa za zamani zikitolewa mapema zinaokoa watu. Ndiyo maana pesa ya hisani ina uzito hapa, na si kwa kugundua yanayofaa tu. Utafiti wa PATCH wa 2016, uliochangiwa na shirika la hisani la Uskoti linaloitwa Chest Heart and Stroke Scotland, uliuliza kama wagonjwa waliokuwa wakitumia aspirini waongezewe chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda. Wengi wetu tungesema ndiyo, bila kusita. Waliopewa walifanya vibaya zaidi. Na deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo bado naikuta kwenye chati za rufaa, ilijaribiwa Thailand, matokeo yakachapishwa 1987: haikuokoa mtu, ikaleta maambukizi na sukari kupanda. Tangu 1987! Tafadhali, tuiache.

Sasa presha, maana hapa ndipo pananikera kuliko pengine popote. Nikiisha kumshawishi mtu kwamba presha ishushwe, anakimbilia kidonge cha presha cha nifedipini, anakitoboa na kukidondosha chini ya ulimi. Dakika ishirini baadaye mgonjwa ametoka 220 hadi 110, na mwenzangu ananionyesha mashine kwa furaha. Hapana. Ubongo uliovimba unahitaji presha ya kusukuma damu ndani yake. Utafiti wa ATACH-2, pia wa 2016, ulijaribu kushusha kwa nguvu zaidi, na wagonjwa hawakupata nafuu ya ziada. Figo ndizo zilizoumia zaidi. Ninachofanya mimi ni dawa ya mshipa, kidogo kidogo, nikilenga kati ya 130 na 140, na kitambaa cha presha hakitoki mkononi: kinabana kila dakika tano mwanzoni, baadaye kila kumi na tano. Nataka mteremko laini, kisha nataka ikae pale. Presha inayopanda na kushuka usiku kucha kama boda boda kwenye matuta ni hatari kwa namna yake. Hii inahitaji muuguzi mwenye nafasi ya kurudi kitandani kila baada ya muda mfupi, na pampu ya dawa inayofanya kazi, na kuna usiku ambao sina hata kimoja.

Nyumbani nako, msimpe mgonjwa kidonge cha presha cha jirani, wala aspirini. Bila picha, hakuna anayeweza kutofautisha kiharusi cha damu na cha kuziba kwa macho, hata mimi. INTERACT4, utafiti wa China uliochapishwa 2024, ulishusha presha ndani ya ambulensi kabla ya picha. Waliokuwa na damu walinufaika, waliokuwa na mshipa ulioziba waliumia, na kwa jumla faida ikapotea. Andikeni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, msimlishe wala kumnywesha, mleteni penye CT.

Kuna mambo ambayo hayanipi usingizi. INTERACT3 ilipima kifurushi kizima, kwa hiyo siwezi kukuambia kila sehemu yake ilichangia kiasi gani. Naamini presha ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Kuhusu sukari nina shaka. Na wapo wanaofika wamezimia kabisa, damu imejaa hadi kwenye vyumba vya maji vya ubongo, ambao nimewatibu kwa kila kitu na wamekufa kabla ya jua kuchomoza. Sidai kwamba kila mtu anaokolewa. Ninachokataa ni kumhesabu mtu miongoni mwa wafu katika saa yake ya kwanza, kabla mwili wake haujatuonyesha unaelekea wapi.

Mzee wa Ahero tulimwanzia dawa saa tatu usiku. Kwenye picha ya kwanza doa jeupe lilikuwa na ukubwa wa ndimu. Kwenye ya pili, asubuhi, lilikuwa vilevile. Huenda lilikuwa limemaliza kukua kabla hajafika kwetu, siwezi kujigamba. Yuko wodini. Anashika kijiko cha uji kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado haujainuka. Jana kijana wake alinisubiri mlangoni akaniuliza habari za mama yake, ambaye naye ana presha na aliacha dawa tangu Desemba kwa sababu alijisikia vizuri. Nikamwambia amlete Jumatatu asubuhi.