Kuandika sc create si kutengeneza huduma

"Mkuu, programu nimeisajili kama huduma lakini haiwaki, inaleta kosa 1053." Swali hili nimelijibu kwa simu, kwa WhatsApp, hadi kwenye foleni ya benki. Leo naliandika, anayefuata nitamtumia linki tu.

Huduma ya Windows ni programu inayofanya kazi nyuma ya pazia, hata kabla mtu hajaingia kwenye kompyuta. Wanaoniuliza wengi wanaamini ni programu ya kawaida iliyofichwa. Chukua .exe yoyote, iandikie sc create (amri ya kusajili huduma), iweke Automatic ili iwake yenyewe, kazi imekwisha. Haiko hivyo. Msimamizi wa huduma, services.exe, akishaiwasha programu anasubiri ijitambulishe: iite StartServiceCtrlDispatcher, amri ya Windows ya kujiunganisha naye, halafu iripoti kwamba iko kazini. Anaipa sekunde 30. Programu ya desktopu iliyoandikwa ili ifungue dirisha na kumngoja mtu haina habari na hayo. Inafungua dirisha lake, inakaa. Muda ukiisha msimamizi anaiua na kuandika 1053, yaani huduma haikujibu kwa wakati. Kwa hiyo mnaoingia kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, kuongeza ServicesPipeTimeout (muda huo wa kusubiri) ifike dakika tatu, mtapata 1053 ileile, ila mtakuwa mmeisubiri zaidi.

Wajanja huweka cmd /c start, amri ya kuwasha programu nyingine, mbele ya njia ya faili. Hapo cmd inaiwasha programu yako na kujifunga yenyewe bila kujitambulisha, mtoto wake anabaki hai. Msimamizi anasema imeshindwa kuwaka, Task Manager inasema ipo, na wote wawili hawajadanganya. Ila siku ukitaka kuizima, sc stop haitakusaidia, maana kwa msimamizi kitu hicho hakipo.

(Na wekeni nafasi baada ya alama ya sawasawa kwenye binPath= ya sc create jamani. Hilo sielezi tena.)

Hapa huwa anatokea wa pili: "Si utumie NSSM?" Naam, naitumia, na WinSW pia. Ni programu ndogo zinazosajiliwa kama huduma badala ya programu yako; kazi yao ni kujitambulisha kwa niaba yake, kama mwanafunzi anayemwitikia mwenzake mtoro mwalimu akiita majina, na kuiwasha upya ikifa. Kwa programu isiyo na uso, yaani isiyofungua dirisha, mathalani skripti ya Python, seva ya Node au jar ya Java, hilo linatosha kabisa. Fanya nssm install, weka AppDirectory iwe folda ya mradi wako, elekeza AppStdout na AppStderr (maandishi na makosa ya programu) kwenye faili la logi, kalale.

Kinachonichosha ni lile neno Running. Mtu akishaliona limeandikwa pale kwenye orodha, hasikii la muadhini. Running hiyo ni ya NSSM, ndiyo iliyoitikia. Programu yako iko katika hali gani, hujaambiwa.

Chukua programu ya dukani inayotazama folda ya ankara, ikikuta faili jipya inalituma kwenye mashine ya risiti za kodi kupitia bandari ya COM. Imeandikwa kwa desktopu, ina kidirisha chake chenye orodha ya risiti zilizotoka. Bosi hataki karani aifunge kwa bahati mbaya, hivyo fundi anaigeuza huduma kwa NSSM. Inafanya kazi vizuri hadi karatasi ya mashine inapoisha. Aliyeandika programu alifikiria hilo, akaweka ujumbe: weka karatasi, kisha bonyeza OK. Ujumbe unatokea. Kitufe cha OK kipo. Lakini kipo kwenye sesheni 0, eneo la huduma, ambako hakuna kipanya wala jicho la mtu. Karani anabadilisha karatasi, anasubiri, hakitoki kitu. Ankara zinarundikana kwenye folda, CPU inasoma sifuri, na kwenye orodha ya huduma kumeandikwa Running. Fundi anampigia karani: umeweka karatasi? Nimeweka. Na kweli ameweka. Programu inasubiri OK.

Sesheni 0 si hitilafu, imekusudiwa. Kabla ya Windows Vista, mtu wa kwanza kuingia kwenye kompyuta alikaa sesheni moja na huduma zote. Mwaka 2002 ilionyeshwa hadharani jinsi programu ya mtumiaji wa kawaida inavyoweza kutuma ujumbe kwa dirisha la huduma yenye mamlaka ya mfumo na kujipatia mamlaka hayo. Vista ikawatenganisha: huduma zibaki sesheni 0, watu waanzie sesheni 1. Kwa muda pakawepo huduma ya kuwapeleka watu kuchungulia upande ule, Interactive Services Detection, lakini Windows 10 toleo 1803 ikaiondoa. Kisanduku cha "Allow service to interact with desktop" wamekiacha palepale, na kila fundi mpya anakitia tiki akidhani amepata dawa. Hakikuletei dirisha kwenye skrini yako. Ukitaka kuhakikisha programu yako iko wapi, fungua Task Manager, nenda Details, ongeza safu ya Session ID. Ukiona 0, madirisha yake yasahau.

Halafu swali la akaunti: "Mbona nikiifungua mwenyewe inafanya kazi?" Kwa sababu ni wewe. Huduma usipoipa akaunti inatumia LocalSystem, akaunti ya mfumo wenyewe, na LocalSystem haina diski Z: uliyoiunganisha, haina printa ya mtandao uliyojiwekea, na HKEY_CURRENT_USER yake (sehemu ya rejista yenye mipangilio ya mtumiaji) siyo yako. Mipangilio uliyohifadhi iko kwenye folda yako ya AppData, yenyewe inatafuta ndani ya C:\Windows\System32\config\systemprofile. Njia ya mtandao iandike nzima, \\seva\folda, achana na herufi. Unaweza kuipa huduma akaunti ya mtu, sawa, ila akibadilisha nenosiri utakutana na 1069, kosa la huduma kushindwa kuingia. Na wanaoendesha Excel kutoka kwenye huduma, Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono matumizi hayo. Kuna ujanja wa kutengeneza folda ya Desktop ndani ya systemprofile ili Excel ikubali kufungua faili. Nimeuona ukifanya kazi na bado siupendi.

Basi mimi hufanyaje? Kwanza natafuta kama programu ina namna ya kuwaka bila dirisha. Mara nyingi ipo, imeandikwa kwenye mwongozo ambao hakuna aliyeufungua. Kama msimbo ni wetu, naukata vipande viwili: kazi yenyewe inakwenda kwenye huduma halisi, kwa .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, ni Worker Service na UseWindowsService, na dirisha linabaki programu ndogo inayozungumza nayo. Kazi hiyo si ya mchana mmoja, msimwahidi bosi.

Kama msimbo si wetu na dirisha ni lazima, sitengenezi huduma. Naiwasha kwa Task Scheduler, mpanga kazi wa Windows, pale mtumiaji anapoingia, ndani ya sesheni yake, na kompyuta inaingia yenyewe kwa programu ya Autologon ya Sysinternals, kisha inafunga skrini papo hapo. Najua wataalamu wa usalama watakunja uso, na sina jibu la kuwaridhisha. Nenosiri la kuingilia limefichwa, lakini mwenye mamlaka ya msimamizi wa kompyuta anaweza kulitoa. Nafanya hivyo kwa akaunti yenye haki chache, kwenye chumba chenye kufuli, na bado roho haijatulia.

Humo kwenye Task Scheduler msichague "Run whether user is logged on or not" (iwake mtu awe ameingia au la), maana inawarudisha sesheni 0 kwa mlango wa nyuma. Kuna na tiki zinazokuja zimewekwa tayari: simamisha kazi ikizidi siku 3, usiiwashe bila umeme wa ukutani, isimamishe kompyuta ikihamia betri. Seva ya maduka mengi ni laptopu ya zamani chini ya kaunta. Umeme ukikatika inahamia betri, kazi inasimamishwa. Umeme ukirudi kazi haiwaki, kwa sababu imeambiwa iwake mtu anapoingia, na hakuna aliyeingia upya. Ondoa tiki hizo zote tatu, na kabla hujaaga, chomoa chaja mbele ya karani, ipe dakika chache, uone kama risiti bado zinatoka.