Eksirei haioni kinachotikisika?

"Zuia pumzi, usitikisike." Kila aliyepigwa eksirei Unguja au Pemba anaijua amri hiyo, na watu wakashika kwamba eksirei huona kilichotulia tu. Sivyo. Shida ni muda: mashine ya hospitali humulika kwa sehemu ya sekunde, na kifua kikitikisika picha hufifia.

Leza ya eksirei, kama mashine ya utafiti iitwayo LCLS iliyoanza kazi California mwaka 2009, hutoa mapigo ya makumi ya femtosekunde. Igawe sekunde mara milioni bilioni, kipande kimoja ndiyo femtosekunde. Atomu hazipati nafasi ya kusogea mbali.

Taswira nyingi za namna hiyo zikipangwa kwa mfuatano huonyesha mwendo wa atomu. Ila si video ya molekuli moja, ingawa wengi huieleza hivyo. Leza ya mwanga huichokoza sampuli kwanza, eksirei hufuata baada ya muda uliopangwa. Pigo huiharibu sampuli, lakini taswira huwa imeshanaswa. Sampuli mpya, yaani fuwele ndogo za molekuli hizo, huletwa na mchirizi mwembamba wa kimiminika. Kinachosumbua khasa ni mapigo hayo mawili, la mwanga na la eksirei, kuwahi au kuchelewa kidogo, mwendo ukavurugika. Dawa yake: kupima ufikaji wa kila pigo, kisha kuzipanga upya maelfu ya taswira.