Nembo ya kampuni ya fedha hupimwa kwenye ukuta wa kibanda

Wateja wengi wanaonijia hapa Kisumu niwachoree nembo huwa wana picha tayari vichwani: sarafu, mshale unaopanda, mikono miwili iliyoshikana. Wenye kampuni changa ya akiba na mikopo niliyoifanyia kazi karibuni walitaka vyote vitatu, na samaki juu yake, kwa kuwa wanahudumia zaidi akina mama wauza samaki. Hamu hiyo naielewa. Anayeomba kushika pesa za watu hutaka aaminiwe tangu siku ya kwanza. Lakini imani huletwa na akiba kutolewa inapohitajika na makato ambayo mama wa sokoni anaweza kuyahesabu mwenyewe. Nembo kazi yake ni kutambulisha: mtu aione kwa mbali, ajue ni nyinyi, asiwachanganye na mwingine. Kwenye biashara ya pesa hilo ni zito mno, maana matapeli hula kwa kujifananisha.

Samaki tulimwacha mapema. Mjini hapa, samaki kwenye bango humwambia mpita njia kwamba ndani kuna chakula. Wengine huniomba ngao ya taifa ili waonekane wana mkono wa serikali, na hao nawakatalia moja kwa moja, kwa sababu sheria hairuhusu biashara kuitumia bila idhini. Neno "benki" nalo haliingii kwenye jina bila ruhusa ya Benki Kuu ya Kenya. Jina nalikagua kabla sijashika penseli. Likibadilika baadaye, tunaanza upya.

Umbo lilitoka kwenye mazungumzo. Mmoja wao alisimulia jinsi mama yake alivyofunga pesa kwenye pindo la leso, na wote mezani wakatabasamu kwa kuwa kila mmoja amemwona mama, shangazi au nyanya akifanya vivyo hivyo. Basi tukachora fundo: mistari miwili minene inayopishana, mmoja ukipita juu ya mwenzake, na ncha mbili zilizotokeza.

Kwanza nilichora kwa weusi mtupu. Mashine ya risiti haina rangi nyingine, na muhuri wa ofisi una wino mmoja. Ugumu wote ulikuwa pale mistari inapopishana, kwenye ule mwanya mweupe unaoonyesha upi uko juu. Mwanya mwembamba unapendeza kwenye skrini yangu kubwa. Ukipunguza nembo hadi ukubwa wa ikoni kwenye simu, unazibika, na fundo linageuka doa. Kwenye mfuko wa fulana ni balaa zaidi, kwa sababu uzi wa mashine ya kudarizi huvimba na kujaza nafasi, na herufi fupi kuliko milimita 5 hivi hazisomeki. Nikaupanua mwanya hadi ukafika nusu ya unene wa mstari, na ncha nikazikata butu. Ukiitazama kwa karibu utaona imekuwa nzito kidogo. Naipenda hivyo hivyo.

Rangi ndiyo iliyozua mjadala mrefu. Tangu Safaricom ianzishe M-Pesa mwaka 2007, kijani ukutani kimekuwa ishara ya wakala, na nyekundu ni ya Airtel. Chungwa lingependeza, ila hapa Kisumu ukipaka ukuta chungwa umeshapiga siasa. Limekuwa hivyo tangu kura ya maamuzi ya 2005, na chama cha ODM kikalichukua. Njano ni ya chama cha UDA. Kampuni ya fedha inahitaji wateja wa kila upande, kwa hiyo zote mbili niliziondoa. Wao walipenda zambarau, na kweli ilivutia. Nikawaomba watazame mabango ya zamani ya plastiki pale Kondele. Wino mwekundu na wa njano hufifia haraka juani, wa buluu na mweusi hudumu, ndiyo maana bango kuukuu hubaki na ubuluu tu. Zambarau huchapishwa kwa kuchanganya wekundu na buluu, kwa hiyo baada ya misimu michache ya jua wangekuwa na rangi ambayo hawakuichagua. Tukakubaliana buluu iliyokoza sana na nyeupe, na utofauti tukauachia umbo.

Kuna mahali nembo haifiki kabisa. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hukutana na kampuni kupitia ujumbe mfupi, na jina la mtumaji halizidi herufi 11, nafasi zikihesabiwa. Kwa mteja huyo jina ndilo nembo. Niliwasisitizia liandikwe kwa namna moja daima, herufi kubwa na ndogo zikae palepale, kwa sababu mteja aliyezoea namna moja atashtuka tapeli akiandika vingine.

Kabla ya kukabidhi, tulitafuta kwenye kumbukumbu za KIPI, wanaosajili alama za biashara, kama kuna inayofanana nayo katika daraja la 36, ambalo ni la huduma za fedha. Usajili hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa. Kampuni ndogo huliahirisha jambo hili mpaka zikue, na mimi nawasihi wafanye mapema, kabla hawajalipia fulana na mabango.

Niliwapa faili za vekta, yaani michoro inayokuzwa bila kupoteza ukali wake, za rangi na za nyeusi, pamoja na karatasi moja ya fundi wa rangi. Karatasi hiyo naithamini kuliko faili zote, kwa kuwa vibanda vyao vitapakwa kwa mkono. Fundo lote nililijenga kwa duara na mistari iliyonyooka, unene wa mstari ukiwa ndio kipimo cha kila kitu, ili fundi alichore kwa msumari, uzi na chaki, liwe la futi moja au la ukuta mzima. Nimeifunika kwa plastiki, maana itakaa kwenye ndoo moja na brashi.