Aliyenusurika Kujiua Achunguzwe Sonona na Baipola Kabla ya Kuruhusiwa

Mgonjwa aliyejaribu kujiua anapofikishwa kitengo cha dharura, kazi ya kwanza ni kuuokoa mwili, na hilo halina mjadala. Ugumu huja siku chache baadaye, mgonjwa anapokuwa amekaa kitandani anakunywa uji na ndugu zake wanaulizia ataruhusiwa lini. Machoni pa ndugu amepona. Kwetu sisi tunaoshughulikia afya ya akili, uchunguzi ndiyo kwanza unaanza, kwa kuwa nyuma ya tukio kama hilo mara nyingi kuna ugonjwa wa hisia uliokuwapo wiki au miezi kadhaa kabla yake, ambao dripu haikuugusa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Aliyewahi kujaribu yumo katika hatari kubwa kuliko asiyewahi. Kwa sababu hiyo, siku zile chache za wodini ni nafasi ambayo huenda hospitali isiipate tena.

Si kila anayejaribu kujiua ana ugonjwa wa hisia. Wapo waliofanya hivyo katika hasira ya saa moja baada ya ugomvi, wapo waliokuwa wamelewa, na wapo wenye maradhi mengine ya akili au maumivu ya muda mrefu. Hata hivyo, ugomvi ndugu wanaousimulia usitufanye tuache kutafuta zaidi. Deni la kikoba au maneno ya mume yanaweza kuwa kweli kabisa, na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, nayo ikawa kweli; mara nyingi ugonjwa ndio uliolifanya deni lionekane halilipiki.

Sonona hutambuliwa pale mtu anapokuwa na dalili zisizopungua tano kati ya tisa kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo lazima iwe huzuni au kutofurahia tena alivyovipenda. Nyingine ni kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kubadilika kwa hamu ya kula, uchovu, mwili kuwa mzito au kutotulia, kujilaumu, kushindwa kufikiri sawasawa, na mawazo ya kifo. Shida ni kwamba wagonjwa wetu wengi hawaji wakisema wana huzuni. Husema kichwa kinagonga, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, na wengine wamekwisha kunywa dawa za malaria na taifodi zaidi ya mara moja. Mama mmoja akiambiwa binti yake ana sonona anaweza kujibu, “Mbona hakuwa mgonjwa, alikonda tu na kuacha kwenda kwaya.” Majibu ya namna hiyo yanatueleza mengi: kukonda ni dalili, na kuacha kwaya ni dalili.

Swali la usingizi nalo lina mitego yake huku Ziwa Viktoria. Mvuvi wa dagaa hukesha majini siku za giza, akalala mchana, kisha hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa. Ukimuuliza kwa haraka kama halali usiku, atakujibu kuwa halali, na jibu hilo halina maana yoyote. Inabidi umuulize alilalaje wakati wa mbalamwezi, alipokuwa kambini hana kazi.

Kinachosahaulika zaidi ni baipola. Huu ni ugonjwa ambao mtu hupitia vipindi vya sonona na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, na anayelazwa baada ya kujaribu kujiua mara nyingi yumo katika kipindi cha sonona, hivyo ule upande mwingine hauonekani kitandani. Mgonjwa mwenyewe huenda asiutaje, kwa sababu alijiona mzima kuliko siku zote. Tunawauliza ndugu: je, imewahi kupita wiki nzima akawa halali ila hachoki, anaongea bila kupumzika, anagawa fedha, anaanzisha biashara tatu kwa mpigo, au anadai ametumwa kazi kubwa? Jibu hubadili tiba. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye baipola inaweza kumtupa katika uchangamfu huo wa hatari, kwa hiyo huhitaji dawa za kutuliza hisia. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa lithiamu, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza vifo vya kujiua, lakini inadai vipimo vya damu vya mara kwa mara na maji ya kutosha mwilini. Valproeti, dawa nyingine ya kundi hilo, haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba.

Familia nyingine huficha ukweli. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndugu huona heri kusema mgonjwa alikosea dawa. Kwa maoni yangu, hofu hiyo inazuia tiba kuliko inavyozuia kujiua. Wengine wakisikia afya ya akili hufikiria kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, ilhali wagonjwa wengi tunawatibu hapa hapa na wanarudi nyumbani. Anayetaka kwenda pia kwa mganga au kuombewa sibishani naye, mradi dawa zisiachwe. Na kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia.

Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ndizo za hatari zaidi. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha nguvu, na wenye umri chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu mwanzoni. Ndugu mmoja atunze dawa, zitolewe za siku chache kwa mara moja, na dawa za pamba na sumu nyingine za shambani zifungiwe mbali na nyumba. Kwa anayerudi Ukerewe au visiwa vidogo, ambako nauli ya kuja kliniki ni mzigo, simu ya muuguzi ina thamani kubwa. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa mazungumzo mafupi wodini yakifuatiwa na simu au kutembelewa kwa miezi 18 yalipunguza vifo vya kujiua.

Tarehe ya kwanza ya kliniki ipangwe ndani ya wiki moja, na mgonjwa aje na ndugu anayeishi naye pamoja na dawa zilizobaki. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu, kukataa dawa au kutolala kabisa, msisubiri tarehe hiyo. Msimwache peke yake, na mrudisheni hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.