Mlango wa gereji wa umeme ukikwama: dhana potofu na ukweli

Jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, alinunua mota mpya kwa sababu mlango wa gereji yake ulikataa kuinuka, na mota hiyo nayo ikashindwa siku ileile. Alidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba mlango huinuliwa na mota. Ukweli ni kwamba uzito wake hubebwa na springi nene ya chuma, ambayo kwa kawaida hufungwa juu ya mlango, na mota huvuta tu kitu ambacho kimekwisha kupunguziwa uzito. Springi ya kawaida huhimili takriban mizunguko 10,000. Mlango ukifunguliwa na kufungwa mara nne kwa siku, hesabu hiyo huisha kabla ya miaka saba kutimia. Ya jirani ilikuwa imekatika katikati, ikiacha pengo la kutosha vidole viwili. Ukiona pengo hilo, usibonyeze swichi tena na wala usiiguse springi, kwa maana mvutano wake unaweza kumvunja mtu mkono; mwachie fundi mwenye zana zake.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba umeme ukikatika, kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli yaweza kuvutwa wakati wowote. Kamba hiyo hutenganisha mlango na mota, kwa hiyo ivute mlango ukiwa umefungwa. Mlango ulio juu, ambao springi yake imekatika, utaanguka kwa uzito wake wote. Tafadhali mweleze jambo hili askari wa getini na kila kijana wa nyumbani.

Mlango unaoshuka kidogo kisha ukapanda tena mara nyingi haujaharibika. Karibu na sakafu, kimo cha kama sentimita 15, kuna vihisi viwili vinavyotazamana kwa mwale usioonekana, na mwale huo ukikatizwa mlango hurudi juu ili usimbane mtoto. Vumbi jekundu la murramu au utando wa buibui hutosha kuukatiza. Gereji inayotazama magharibi hupata pia jua la saa kumi na moja jioni, linalopiga kihisi moja kwa moja, na ndiyo maana fundi akija usiku huukuta mlango mzima. Futa vihisi kwa kitambaa laini. Taa yake ndogo ikipepesa, mara nyingi havijaelekeana sawasawa.

Rimoti ikigoma ilhali swichi ya ukutani inafanya kazi, anza na betri.

Hatimaye, oili chafu ya gari haifai kupakwa kwenye reli, kwani hunasa vumbi likawa tope. Reli hufutwa tu. Kilainishi huwekwa kwenye bawaba na ekseli za magurudumu.