Sili haina kosa: ekseli ya mbele ya Land Rover 109

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingiza 109 yake uani kwangu, Series III ya mwaka 1978, na kabla sijainama kuangalia chochote akaniwahi: "Shikamoo fundi. Inavuja kidogo mbele, lakini hizi si ndivyo zilivyo?"

Nyuma ya gurudumu la kushoto kulikuwa na tope jeusi la oili na vumbi, nene kama ugali. Sili kubwa, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke kwenye ekseli, ilikuwa imebadilishwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Akifika kilomita 60 kwa saa usukani unamtetemekea mikononi, na kwa shida hiyo ya pili alikwishauziwa stelingi dampa, kifaa cha kutuliza mtetemo wa usukani. Kwa hiyo alilipia mara nne, na ugonjwa ulikuwa palepale.

Hili la "Land Rover lazima ivuje" nimelisikia tangu nikiwa mtoto wa gereji ninayeshika tochi, na nimechoka nalo. Gari hilo lilichorwa lihifadhi oili. Likivuja, kuna kitu kimechakaa, na kwenye ekseli ya mbele ya Series kitu hicho mara nyingi sana si sili. Kuvuja na kutetemeka vina mzazi mmoja.

Angalia jinsi pale palivyojengwa. Tufe la kromu limefungwa kwenye ncha ya ekseli wala haligeuki. Hausingi inayobeba gurudumu ndiyo inayogeuka juu ya tufe ukikata kona, ikiwa imeshikwa na kingi pini mbili: ya chini imekaa kwenye beringi ya koni, ya juu imekaa kwenye bushi ya Railko, pete inayoishika pini kwa msuguano. Sili iko kwenye mdomo wa hausingi, inalamba uso wa tufe. Sasa kingi pini zikilegea, hausingi nzima inachezacheza, na mdomo wa sili unabanwa upande mmoja na kuachia upande wa pili. Unaweza kuweka sili mpya kila Jumatatu. Itavuja tu, kwa sababu anayeishika ndiye anayeyumba.

Kipimo chake hakihitaji pesa. Piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki halafu utikise tena. Mchezo ukiisha, shida ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingi pini. Sijui kwa nini kipimo cha dakika mbili kinarukwa na watu wanaoweza kushusha injini peke yao.

Kabla ya kufungua chochote, safisha tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Likiziba, hewa ya ndani ikipata joto inasukuma oili nje kupitia kila sili. Na ukiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo habari yenyewe.

Kufungua hakuna siri: stendi chini ya ekseli, gurudumu, dramu, habu, kisha bekipleti, ile sahani inayobeba breki. Mpira wa breki usiufungue, ning'iniza bekipleti kwa waya kwenye springi. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, lifute kwa kitambaa chenye maji. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Toa stabu ekseli inayobeba habu, vuta hafu shafti inayozungusha gurudumu pamoja na krosi yake, kiungo chake kinachopinda, tenganisha tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili. Hesabu shimu za kingi pini ya juu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo, kila upande na mfuko wake.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi. Sili ile ni duara zima, na njia ya kuivalisha tufe ni kupitia upande wa nyuma, maana yake tufe lazima litoke kwenye ekseli. Ni boli kadhaa zaidi na gasketi mpya. Ili kuzikwepa boli hizo, fundi anachukua kisu, anaikata sili, anaizungusha juu ya tufe, anaweka silikoni kwenye mkato, anadai pesa ya sili. Ile ya kijana ilikuwa imekatwa hivyo, na mkato ulikuwa umeelekezwa chini, oili inakokaa. Niliishika mkononi nikanyamaza kidogo kwanza, kwa sababu mwenye gari alikuwa amesimama pale na hakuwa na kosa lolote.

Tufe likishatoka, lipitishe kucha. Kromu ikiwa imeliwa na kutu, kila kishimo kinafanya kazi ya msasa kwenye mdomo wa sili. Dawa halali ni tufe jipya. Dawa ninayoitumia pochi ikiwa nyepesi ni kusafisha vishimo mpaka chuma king'ae, kuviziba kwa gundi ya chuma ya kuchanganya, kisha msasa laini wa maji mpaka kucha isikwame. Kitabu cha matengenezo hakikubali hivyo. Moja nililoliziba hivyo lina miaka minne halijatoa tone. Jingine lilibanduka kabla ya masika kuisha. Tofauti yao sijaielewa mpaka leo, kwa hiyo simwahidi mtu.

Halafu shimu. Hapa ndipo kazi inapoharibiwa hata na watu waangalifu. Bushi ya Railko haikuwekwa iwe nyepesi. Msuguano wake ndio unaozuia magurudumu yasipigepige. Ni dampa iliyojengwa ndani ya ekseli. Kitabu cha Series kinataka hausingi igome kwa ratili 14 hadi 16, karibu kilo 6.4 hadi 7.3, ukivuta kwenye tundu la mkono wa stelingi. Mtu akisukuma kwa mkono anaona ni nzito, anaogopa, anaongeza shimu ili "stelingi iwe laini". Amekwisha kuiua. Bushi haina mzigo tena, magurudumu yanaanza kutetemeka, ndipo linapokuja shauri la dampa ya dukani. Dampa inaficha mtetemo, na kingi pini inaendelea kujichimbia chini yake.

Mimi napima kwa mizani ya ndoano, ileile wanayotumia wauza samaki. Paka bushi oili, funga kingi pini bila sili kubwa, bila hafu shafti, bila tairodi, kwa sababu kila kimoja kingeongeza uzito wake kwenye kipimo. Vuta ukiweka mizani pembe mraba na mkono. Usisome ule mshtuko wa kwanza. Soma hausingi ikiwa tayari inatembea. Ni nyepesi, punguza shimu. Ni nzito, ongeza. Kwa kijana nilifunga na kufungua mara tano. Kesho yake asubuhi, kwa shimu zilezile, mizani ilisoma karibu nusu kilo pungufu, na sikugusa kitu. Bushi mpya hulala kidogo, kwa hiyo naanzia upande wa juu wa kipimo na kumwita mwenye gari baada ya kilomita elfu moja nipime tena. Kama huo ndio utaratibu bora, sina hakika. Ndio ulionipa matatizo machache.

Kuhusu kujaza grisi badala ya oili: Defender za baadaye zilipewa grisi maalumu kutoka kiwandani, najua. Lakini Series ina krosi yenye vijiti vyembamba vya beringi, na bushi ya juu inalowa kwa oili inayorushwa. Nimefungua hausingi zilizojazwa grisi ya kawaida nikakuta chini kumejaa pomoni na bushi ya juu kavu kabisa. Naweka oili ya gia 90, nusu lita kila upande.

Upande wa kushoto wa kijana sasa ni mkavu. Wa kulia bado: kufungua kizibo cha kujazia, oili ilimwagika yenyewe, maana yake sili ndogo ya ndani inapitisha oili ya difu. Sili hiyo, kwa mara ya kwanza kwenye gari hili, ndiyo yenye kosa kweli. Jumamosi tunaitoa, naye kijana atakuja kushika mizani.